Namna ya kufungua blogu na kuifanya ipatikane Google, kwa wadau wa Dodoma na kanda ya kati

Mbukwenyi wadau. Kuna grupu la WhatsApp la wakulima wa zabibu na mimi nimo, watu wa Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na kwingineko, na kila msimu swali ni lile lile. Mtu anatuma picha ya jani limejaa unga mweupe, anauliza jamani hii nini tena, halafu kuna mzee mmoja anajibu kwa voisi, taratibu, vizuri kabisa, kwamba huo ni ubwiriunga, punguza majani yaliyosongamana hewa ipite, piga salfa asubuhi mapema na siyo jua likishakuwa kali maana itaunguza majani. Jibu limenyooka. Siku mbili tatu mbele limeshafunikwa na michango ya harusi, misiba na matangazo ya viwanja vya Ihumwa, na mkulima wa Bahi au Manyoni ambaye hayupo kwenye grupu ndo hatalisikia kabisa, akiingia Google akaandika shida yake kwa Kiswahili anachoambulia ni vipande viwili vitatu vya juu juu, au anapelekwa kwenye kurasa za Kiingereza za wakulima wa Marekani wenye hali ya hewa yao na dawa zao.

Hii shida ilishatatuliwa zamani. Vitu vya kuitatua vilijengwa kati ya 1994 na 2006 hivi, blogu (ukurasa wako wa mtandaoni wa kuandikia), injini za kutafutia kama Google, na mitandao ya kijamii, na vingi bado ni vya bure mpaka leo, ila sisi tumerukia kile cha mwisho tu, mitandao ya kijamii, viwili vya mwanzo tukaviacha. Humu naelekeza jinsi ya kuvitumia vyote vitatu kwa pamoja, na nitakuwa nachomekea historia kidogo kwa sababu ukijua kitu kilitengenezwa kutatua nini unajua na pa kukibonyeza.

Kufungua blogu yenyewe

Zamani kuweka kitu mtandaoni ilikuwa kazi ya fundi. Ujue HTML (lugha ya kutengenezea kurasa), uwe na nafasi kwenye seva ya mtu, upakie mafaili kwa FTP (njia ya kuyapeleka huko), na ukitaka kuongeza sentensi moja unafungua faili lote unahariri unapakia tena, ndo maana tovuti nyingi za miaka ya 90 zilikuwa zinakaa mwaka mzima hazijaguswa. Agosti 1999 kampuni ndogo ya San Francisco inaitwa Pyra Labs, ya Evan Williams na Meg Hourihan, ikatoa Blogger. Unaandika kwenye kiboksi, unabonyeza kuchapisha, imeisha, maandishi mapya yanakaa juu na ya zamani yanashuka chini yakiwa na tarehe zake. Google wakainunua Februari 2003, na Mei mwaka huo huo WordPress, programu nyingine ya blogu, nayo ikatoka. (Huyo Evan Williams ndo baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha Twitter.)

Huku kwetu Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili miaka hiyo ya katikati ya 2000 na akawavuta wengine wengi, na 2005 mpiga picha Issa Michuzi akafungua blogu yake, Watanzania waliokuwa nje ya nchi wakawa wanafungua kila siku kuona nyumbani kuna nini. Na kumbuka hiyo ni kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika Dar Julai 2009, intaneti ilikuwa ya setilaiti, polepole na ya gharama, picha moja unaisubiri ijae mstari kwa mstari. Watu waliblogu katika hali hiyo. Wewe mwenye simu na bando huna cha kukuzuia.

Kwa anayeanza nashauri Blogger, kwa sababu hulipii chochote na hata ukikaa miezi sita bila kuandika haifungwi kwa deni la hostingi (kodi ya seva). Ingia blogger.com kwa akaunti yako ya Gmail, andika jina la blogu, kisha chagua anuani, itakuwa inaishia na blogspot.com. Hapo kwenye anuani tulia kidogo. Chagua fupi, herufi ndogo, bila vistari, ambayo mtu anaweza kukutajia kwenye simu na usikosee, na usiweke mwaka ndani yake wala jina la cheo chako cha sasa. Mambo ya muonekano usipoteze nayo siku, chukua templeti nyepesi inayosomeka kwenye simu ndogo, toa mapambo, mambo ya saa na kalenda pembeni yanakula bando la msomaji bure.

Halafu nenda kwenye mipangilio, shuka mpaka sehemu ya faragha, hakikisha kile kitufe cha kuruhusu injini za utafutaji zione blogu kimewashwa. Kikiwa kimezimwa utaandika mwaka mzima na Google haitakugusa.

Posti moja, jambo moja, anuani moja

Hapa ndo pa muhimu kuliko pote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Blogu za mwanzo kabisa zilikuwa ukurasa mmoja mrefu. Ukisoma kitu kizuri leo ukamwambia rafiki yako aende pale, akienda wiki ijayo kimeshashuka chini hakioni. Mwaka 2000 Blogger wakaanza kuipa kila posti anuani yake ya kudumu, na kitu hicho kidogo ndo kilibadilisha mambo, maana sasa mtu wa mji mwingine anaweza kukujibu kwenye blogu yake akaweka linki inayoelekeza kwenye maneno yako yale yale, injini ya kutafutia inaweza kumleta msomaji moja kwa moja mpaka kwenye posti husika badala ya kumtupa mlangoni, na ile linki inafanya kazi hata miaka kumi baadaye. Grupu la WhatsApp halina hicho kitu. Google haioni ndani ya magrupu, na stetasi inapotea baada ya saa 24.

Kwa hiyo tuchukue lile jibu la mzee. Kwanza mpigie, muombe ruhusa, muulize kama anataka jina lake liandikwe au la, maarifa ni yake. Sikiliza voisi yote andika alichosema kwa maneno yake, usiyapambe. Halafu jiulize huyu wa Manyoni asiye na grupu ataandika nini Google? Hataandika "Changamoto za kilimo chetu", ambacho ndo kichwa cha habari wengi wetu tungeweka. Ataandika "unga mweupe kwenye majani ya mzabibu" kwa sababu ndo anachokiona, jina la ugonjwa pengine halijui. Basi kichwa chako kiwe: Unga mweupe kwenye majani ya mzabibu: dalili za ubwiriunga na namna ya kuuzuia Dodoma. Kirefu ndiyo, lakini kina anachokiona, jina lake na mahali.

Kabla hujachapisha, pembeni ya sehemu ya kuandikia kuna mipangilio ya posti, humo kuna kiungo cha kudumu. Blogger yenyewe inatengeneza anuani kutokana na kichwa na mara nyingi inakata katikati inatoka kitu kisichoeleweka, wewe chagua kujiandikia, weka ubwiriunga-kwenye-mizabibu. Itatokea na mwaka na mwezi mbele yake halafu hayo maneno, inatosha. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha, ukija kuibadilisha baadaye linki zote zilizoshatumwa zinakufa isipokuwa ukaweke maelekezo ya kuhamisha, na wengi hawaweki.

Picha nazo zina habari. Picha uliyoitoa WhatsApp inakuja na jina la namba namba linaloanza na IMG, libadilishe iwe jani-la-mzabibu-ubwiriunga, punguza ukubwa, na kwenye sehemu ya maelezo ya picha andika sentensi moja ya kinachoonekana. Google wana utafutaji wa picha tangu 2001 na maneno hayo ni msaada mkubwa kwake kujua kilichomo, pia yanamsaidia mtu asiyeona ambaye simu inamsomea.

Na bei. Ukiandika bei usiweke "bei ya zabibu leo", leo ya lini? Andika mwezi na mwaka kwenye kichwa, na soko gani, Majengo au Sabasaba au shambani kwa mkulima. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mtu akisoma posti ya bei bila tarehe anaweza kwenda kuuza kwa hasara.

Google inakuonaje

Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo wakiwa Stanford walianzisha Yahoo, ilikuwa orodha ya tovuti zilizopangwa na binadamu kwa makundi. 1995 ikaja AltaVista, hiyo inasoma kurasa zenyewe na kutafuta maneno, lakini wajanja wakagundua ukirudia neno mara mia chini ya ukurasa kwa rangi ile ile ya mandharinyuma unapanda juu. Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, wakaja na wazo lingine na mwaka 1998 wakafungua Google: kila linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ichukuliwe kama barua ya utambulisho, na barua yenyewe ina uzito kulingana na aliyesaini, ya mwenyekiti wa mtaa anayeaminika siyo sawa na ya mpita njia.

Sasa angalia kilichotokea vitu hivi viwili vilipokutana. Wanablogu walikuwa wanawekeana linki kila siku, wanaandika mara kwa mara, kila posti ina anuani yake na kichwa kinachoeleweka, yaani kila kitu ambacho Google inakipenda. Mtu mmoja sebuleni kwake akawa anatokea juu ya makampuni makubwa. Mpaka ikawa mchezo, mwishoni mwa 2003 wanablogu walikubaliana kuweka linki zenye maneno yenye maana ya "kushindwa vibaya" kuelekea ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush, ukitafuta maneno hayo unaletewa yeye. Google wamebadilisha mambo mengi tangu hapo na sasa wanaangalia vitu vingi zaidi ya linki, lakini msingi huo bado upo.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Ndani ya posti yako weka linki kwa wengine, kama umetaja utafiti wa TARI Makutupora, ambacho ndo kituo cha utafiti wa zabibu, elekeza kwenye ukurasa wao. Kama kuna mdau mwingine kaandika kuhusu kupogoa, elekeza kwake. Na linki iwe kwenye maneno yenye maana, usiandike "bonyeza hapa", andika "namna ya kupogoa mzabibu" halafu hayo maneno ndo yabebe linki, hayo maneno yanamwambia msomaji na Google pia kule kuna nini. Wengi wanaogopa kutoa linki wakidhani wanampoteza msomaji, wakati msomaji anamrudia aliyempeleka pazuri. Kisha unganisha posti zako zenyewe kwa zenyewe, ya ubwiriunga ielekeze kwenye ya salfa, ya salfa kwenye ya bei za pembejeo.

Usiende kumwaga linki zako kwenye komenti za watu. Kaushia kabisa. Miaka ya 2003 na 2004 matapeli waliharibu blogu za dunia nzima kwa kumwaga linki kwenye komenti ili wapande Google, ikabidi Januari 2005 Google, Yahoo na MSN wakubaliane alama inaitwa nofollow, inayoiambia injini linki hii usiihesabu. Programu nyingi za blogu zinaiweka zenyewe kwenye komenti, kwa hiyo hupati kitu zaidi ya kuchukiwa.

Baada ya posti kama tano hivi ingia Google Search Console kwa Gmail ile ile ya blogu, ongeza anuani yako, halafu kwenye sehemu ya ramani ya tovuti andika sitemap.xml, Blogger inaitengeneza yenyewe. Pale pale baadaye utaanza kuona maneno gani watu waliandika mpaka wakakuona. Hiyo orodha ni mali, wadau, kila neno pale ni swali la mtu halisi na mengi yatakuwa hujayajibu, ndo posti zako zinazofuata. Kutaka kujua kama umeshaingia, andika kwenye Google site: ikifuatiwa na anuani yako bila nafasi katikati. Usipotokea siku za mwanzo usipaniki, blogu mpya inachukua muda.

Lebo

Mwaka 2003 Joshua Schachter alitoa Delicious, mahali pa kutunza linki zako na kuzipa maneno yako mwenyewe, 2004 ikaja Flickr ya picha kwa mtindo huo huo, na Agosti 2007 Chris Messina akapendekeza alama ya reli (#) kwenye Twitter, ndo hashitegi zote unazoziona. Wazo ni kwamba watu wapange vitu kwa maneno yao bila kusubiri mkutubi. Kwenye blogu zinaitwa lebo. Chagua chache na uzishikilie, ukiweka leo "zabibu", kesho "Mizabibu", keshokutwa "kilimo cha zabibu" umejitengenezea mafungu matatu ya kitu kimoja na hakuna atakayeona yote.

RSS, usiidharau

Kitu hiki wengi hawakijui siku hizi na kinaniuma. Kilianzia Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, mwaka 1999 na Dave Winer akakisukuma sana baadaye. Blogu yako inatoa faili lenye orodha ya posti mpya, na programu ya msomaji inalikagua yenyewe, hivyo mtu anaweza kufuata blogu hamsini sehemu moja, kwa mpangilio wa tarehe, bila algorithimu kumchagulia aone nini. Kwenye Blogger faili hilo tayari lipo, ongeza /feeds/posts/default mwisho wa anuani yako utaliona. Google walikuwa na Google Reader tangu 2005 wakaifunga Julai 2013, watu wengi wakaachana na RSS hapo, lakini Feedly na zingine zipo hai na podkasti nyingi unazosikiliza zinasambazwa kwa RSS hiyo hiyo. Weka linki yake pembeni ya blogu na mfundishe hata mtu mmoja kuitumia.

Sasa ndo uende mitandaoni

Facebook Februari 2004, YouTube 2005, Twitter 2006. Maongezi yaliyokuwa kwenye komenti za blogu yakahamia kule na watu wengi zaidi wakapata sauti, hilo jambo jema, ila maandishi nayo yakahama yakaacha kuwa na makazi. Wewe tanguliza blogu. Chapisha, kisha chukua linki peleka kwenye magrupu.

Usiitupe tu linki kavu. Kwenye lile grupu la zabibu, mtu akiuliza kuhusu unga mweupe, mjibu kwa sentensi mbili zinazomsaidia hapo hapo, maana pengine bando lake ni la WhatsApp tu, halafu ndo uweke linki kwa maelezo zaidi na picha. Ngoja sekunde chache kabla ya kutuma mpaka kile kipande chenye picha na kichwa kitokee, watu wanaogopa linki tupu kwa sababu ya utapeli na wana haki. Instagram linki kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, iweke kwenye wasifu wako. Facebook ukiulizwa swali zuri kwenye komenti, lijibu pale, halafu rudi uliongeze kwenye posti ya blogu.

Na siyo zabibu tu. Wanaoongoza wageni Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, ambayo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, ninyi mnajua njia inapitikaje masika na kiangazi, andikeni. Wanafunzi wa UDOM, kila mwaka wanakuja wageni wanauliza college ipi iko upande gani na vyumba vya kupanga Ng'ong'ona vikoje. Mtu anayepanda SGR tangu ianze kufika hapa 2024, andika kutoka stesheni mpaka Mtumba unafikaje na kwa nauli gani, na tarehe usisahau.

Mambo ya leseni na nakala

Tangu 2018 Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, wakati ule blogu zilitakiwa kuwa na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), ombi lilikuwa shilingi 100,000 na leseni 1,000,000, blogu nyingi zikafungwa. Kanuni zimebadilishwa 2020 na tena 2022, kwa hiyo usisikilize ya vijiweni, nenda ofisi ya TCRA kanda ya kati hapa hapa Dodoma na maelezo ya unachotaka kuandika, uliza kama kinahitaji leseni, daraja gani na ada kiasi gani, omba wakuonyeshe kwenye kanuni yenyewe. Habari na siasa siyo sawa na maelekezo ya kilimo.

Kuhusu nakala, GeoCities, huduma ya zamani ya kuweka kurasa mtandaoni, ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu, Yahoo wakaifunga Oktoba 2009 na ambao hawakuwa na nakala zao wengi walipoteza. Kwenye mipangilio ya Blogger kuna sehemu ya kusimamia blogu yenye kuhifadhi nakala, bonyeza ufuate maelekezo, utashusha nakala ya posti na komenti zote. Picha usizitegemee kuwa humo, zitunze kwenye folda yake. Fanya kila mwisho wa mwezi, nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye flashi au kwa ndugu unayemuamini.